Herufi ya Kwanza

Wameniletea bati la futi sita, makopo mawili ya rangi,
nyeusi na nyeupe, na karatasi yenye mhuri:
DARAJA LA KOPLO KANDIA.
"Jumamosi waziri anakuja," karani akasema,
"malipo utayafuata baadaye."
Baadaye ya halmashauri naijua. Ina mvi.

Mwaka wa kumi na tisa huu naandika vibao hapa Arua:
saluni, duka la dawa, kanisa jipya kila mwezi,
na USIKOJOE HAPA kwenye kuta zinazonuka mkojo.
Sijawahi kuandika mtu.

Nikapiga mstari wa penseli, nikaipima K,
mkono ukagoma.
Kwetu jina hilo linaanza na C,
ile ambayo Kiswahili hakiitumi mpaka H iishike mkono.
Nikafunga kopo, nikashuka bondeni kumuuliza mjane.

Alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua macho.
Alinijibu kwa Kiswahili cha kambini,
kile kilichovaa buti, alichoachiwa na marehemu
pamoja na koti moja na filimbi:
"Sema shida yako, halafu nyuma geuka."
Nikasema. Akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

"K! Naijua hiyo K. Ndiyo iliyokula pensheni yetu.
Mzungu wa daftari alisikia vibaya, akaandika alivyoweza.
Basi Kandia akapigana Burma,
Kandia akapewa nishani,
Kandia akatumiwa shilingi zake kila mwezi, sijui wapi,
na Candia wangu akarudi na malaria.

Mama yake alimzaa mwaka wa nzige,
ghala tupu, baba yuko ndani kwa kodi ya kichwa.
Akamwita Shida; ndiyo maana ya Candia.
Na mimi ni Ayikoru, mtoto wa furaha.
Siku ya mahari watu walituchekelea:
Shida kamwoa Furaha, tuone nani atamshinda mwenziwe."

Akachukua muhogo mwingine.
"Sare," akasema.

Halafu: "Huyo waziri atazungumza nini?"
Burma, nikajibu. Ushujaa. Vita vya dunia.

"Burma mwenyewe hakuisema. Ila usiku, usingizini,
mguu sawa, mguu pande, anawaamrisha watu
ambao asubuhi hawakuwa na miguu.
Mwambie waziri hivi. Kila mvua za Agosti,
kijito kikianza kuwatamani watoto wa shule,
Candia alikata mikaratusi miwili ya shamba lake,
akaiburuta peke yake, akailaza juu ya maji.
Maji yakiichukua, mwaka ujao mingine miwili.
Miaka thelathini na mmoja. Wewe umesoma, hesabu magogo.
Hapo hakuna aliyempigia saluti."

Nilipanda mlima nikihesabu.

Karani alipoiona C akanya'nganya brashi mkononi mwangu.
"Karatasi ina mhuri!"
"Na jina lina mwenyewe," nikasema,
nikaendelea na A kwa brashi ndogo.

Jumamosi waziri akasoma Kandia, Kandia, mara saba.
Kitambaa kikavutwa, watu wakapiga makofi,
bendi ya polisi ikapotea katikati ya wimbo, ikarudi.
Hakuna aliyeitazama herufi,
isipokuwa mwanamke mmoja aliyengoja magari yaondoke,
akasogea karibu na bati,
akaigusa C kwa kidole gumba,
kile alichokichovya kwenye wino miaka yote
juu ya fomu ambazo hazikujibiwa.

Rangi ilikuwa haijakauka.
Hajui kwamba nilimwona.
Alama yake ipo pale mpaka leo, kwenye tumbo la herufi,
na sijaifuta, ingawa fundi mwingine angesema ni uchafu.

Waendesha bodaboda bado wanaita pale Kwa Mihogo.
Malipo yangu bado.