Somo la Sehemu

Kasonga, kambini Kyangwali, saa kumi na moja alfajiri,
kabla watu hawajaamka kuugombania mtandao,
napanda kichuguu kilicho nyuma ya choo cha shimo,
mahali pekee simu yangu inapopata vijiti viwili.
Shati nimejifunika kichwani, upepo usiingie kwenye sauti.
Nafundisha.

Darasa langu halina paa, lina jina: La Sita B.
Thelathini na mmoja, tuliachana njia ya Djugu
siku kila mtu alipokimbilia upande ulioelekea mguu wake.
Sasa ni namba. Zimebaki kumi na tisa.
Wengine wako Bunia, chini ya maturubai;
wengine msituni, simu moja watoto sita,
wanaichaji kwa sola ya mchunga ng'ombe
anayedai mayai mawili kwa kila kijiti cha betri.

Zamani tiki yangu ilikuwa ya wino mwekundu.
Tiki moja: umepata. Mtoto anaruka.
Siku hizi tiki moja ni ya kijivu,
sauti imetoka kwangu, haijafika kwake,
imening'inia mahali fulani juu ya Ziwa Albert,
na mimi ndiye ninayesubiri kusahihishwa.
Tiki mbili: simu iko hai.
Simu tu. Mengine usiulize.

Jumanne ilikuwa zamu ya sehemu.
Bando la elfu moja, dakika tatu:
"Wanangu, nusu jumlisha theluthi.
Msiwe na haraka. Sehemu zenye asili tofauti..."
Nikanyamaza.
Miaka kumi na minne nimelitamka, chaki mkononi,
halijawahi kuniuma ulimi.
Asili. Ndilo tuliloulizwa kizuizini, mmoja mmoja,
kabla ya kuambiwa pita, au shuka.
Nikafuta. Nikarekodi. Nikafuta.
Hesabu haina neno jingine.
Mara ya tatu nikalipitia mbio, kama avukaye mto wa baridi:
"...hazijumlishiki mpaka zitafutiwe asili moja."
Nikatuma.

Lotsove alijibu kwa picha: mkaa kwenye ubavu wa jerikani la njano,
tano za sita, na pembeni kachora kuku, sijui kwa nini.
Dhedonga, sahihi. Maki, sahihi, kanakili kwa Dhedonga.
Udaga, tiki moja.
Mwezi wa pili huu, tiki moja.

Usiku, saa nne na robo, tiki ya Udaga ikapata mwenzake.
Kisha zikageuka buluu, sauti zote arobaini,
moja baada ya moja, kama mtu anayewasha taa nyumba nzima.
Ujumbe haukuwa wake. Udaga huandika "mwalim".
"Mwalimu mimi si mwenye simu. Simu nimeikuta.
Nimesikiliza yote. Jibu ni mbili za tano?"

Mke wangu akasema, zima. Wanatafuta walipo watoto.
Nimeikuta. Ameikuta wapi? Mfukoni mwa nani?
Nilikaa na swali hilo mpaka mkaa jikoni ukawa majivu,
na huku lile jibu likiniwasha kama kipele,
kosa lile lile la kila mwaka, la kila dawati,
juu kwa juu, chini kwa chini,
kosa la mtu ambaye hakuna aliyeketi naye.

Nikaandika: "Hapana. Umejumlisha asili kwa asili.
Rudia sauti ya thelathini na nane, polepole."
Halafu, kabla kidole hakijaniogopa:
"Mwenye simu yuko wapi?"

Tiki mbili. Buluu.
Anaandika...
Ikakoma.
Anaandika...
Ikakoma.
Saa nane ikaingia picha ya kiganja,
kalamu ya buluu, tarakimu zimelowa jasho:
tatu za sita, na mbili za sita,
tano za sita.

Chini yake hakuna neno.
Nimekikuza kiganja hicho mpaka kikawa ukungu,
nikitafuta nisichokijua.
Jibu ni sahihi.
Tiki sijatia.