Jiwe Lenye Shimo

Pantoni ya asubuhi, sisi kumi na wanne
wa kikoba cha Kirumba, mimi mshika daftari.
Tulichangishana tangu masika: elfu tatu, elfu mbili,
na Bi Tabu aliyelipa kwa mayai.
Nikaandika: mayai.

Wengine walitaka mbugani. Nyanzobe akasema
simba tunao kwenye kalenda ya benki,
twendeni Nyamisozi tukaione ngome,
ile nyumba iliyowafanya bibi zetu
walale majabalini na mbuzi wamefungwa midomo.

Kiongozi wetu aliitwa Kulwijila,
shati lina mikunjo ya pasi mpaka mgongoni,
mkononi ufito wa kuonyeshea.
Alikuwa amekariri vizuri. Ukuta huu, hatua mbili unene.
Hapa bendera. Hapa mzinga.
Hapa walifungiwa waliochelewa kodi.
Karibuni, angalieni vichwa, mlango mfupi,
nasi tukainama mmoja mmoja
kuisalimu nyumba isiyo na mwenyewe.

Nilimpenda kwa namna alivyovuta pumzi
kabla ya kuutaja mwaka wowote,
kama mtu anayezamia ndoo iliyodondoka ziwani.

Uani mijusi, kichwa waridi kiuno buluu,
ilipanda na kushuka kwa mikono yake
juu ya ngazi walizopanda wenye viatu.
Mwasi akapiga picha ya mjusi. Akapiga ya choo cha Mjerumani.
Jua likatuweka chini ya ukuta wa mashariki,
tukafungua viazi na sangara wa kukaanga,
na hapo ndipo tulipogundua Nyanzobe hayupo.

Alikuwa upande wa pili, peke yake,
kiganja juu ya jiwe moja usawa wa kifua.
"Mtoto wake yuko wapi?" akamuuliza Kulwijila.
"Mama, ulikuja na mtoto?"
Tukaanza kuhesabiana. Nikafungua daftari.
Kijana ameshakimbilia getini, ufito kautupa,
anaita mtoto asiye na jina.

"Mrudisheni huyo," akasema. "Nasema la jiwe."

Tukasogea. Kumbe si jiwe la mwambani.
Lilikuwa na shimo refu, laini, la kina cha kiganja,
shimo lisilochongwa na nyundo
bali na magoti ya mwanamke, na mtama,
na alfajiri, na alfajiri, na alfajiri.
Jiwe la kusagia. Wamelisimamisha wima ukutani
na chokaa pembeni, mdomo unatazama nje.
Na jiwe la kusagia, kila aliyepiga magoti anajua,
ni mama na mtoto:
mama hulala chini, mtoto hushikwa mkononi,
huenda na kurudi juu ya tumbo lake
mpaka unga utoke.

Kulwijila akarudi anahema. Akatazama.
"Napita hapa mara tatu kwa wiki," akasema,
"nilidhani fundi alikosea."
Hakuna aliyemjibu. Hata yeye hakujazia na mwaka.

Nyanzobe akamwaga maji ya chupa shimoni,
yakashuka yote, maana ukuta haukingi kitu.
Akakunja ngumi, akaisukuma mle,
mbele, nyuma, mbele, nyuma,
mabega yakakumbuka haraka kuliko sisi.
Hakulia. Nami sitamliza hapa
ili maneno yangu yapate chumvi.
Alisaga hewa kidogo, akapangusa mkono kwenye kanga,
akauliza kama sangara wamebaki.

Jioni kwenye pantoni niliandika hesabu.
Nauli kwenda na kurudi. Kiingilio. Viazi.
Kijana, asante yake, elfu kumi
(aliuliza mara mbili jiwe hilo kwa Kisukuma huitwaje,
akaandika kwenye kiganja).
Kisha, sijui kwa nini, nikapiga mstari mpya:
jiwe moja, mama, limeonekana.
Mtoto wake: bado.
Safu ya mdaiwa nikaiacha wazi.

Bi Tabu akachungulia begani kwangu,
harufu ya samaki na ya jua la kutwa.
"Hilo," akasema, "usiliandike kwa penseli."