Nakala Moja

Baba aliniita Tatu kwa kuwa nilizaliwa wa tatu.
Hakujua ningekuja kufanya saba kwa pumzi moja
katika kibanda cha futi nane, Magomeni ya Bagamoyo,
hatua ishirini toka Mahakama ya Mwanzo.

Mkono wa kulia unachapa hati ya kiapo,
wa kushoto unailisha karatasi mashine ya fotokopi,
bega limebana simu: mteja wa Zinga anauliza
picha ya pasipoti ikitoka kope zimefumba, inarudiwa bure?
Jicho moja liko kwa maharage nyuma ya pazia,
jicho la pili kwenye kundi la kikoba,
ambako Mwanaheri kaandika neno, kalifuta,
na sote tumebaki kulitafuta neno lililofutwa
kana kwamba limedondokea kwenye kazi zetu.

"Tatu, nitolee mbili."
"Tatu, vocha ya mia tano."
"Tatu, chaji yangu imefika ngapi?"
Tatu, Tatu. Hata jina langu
likawa hesabu isiyofika nne.

Wanasema mshika mbili moja humponyoka.
Nilicheka. Mbili?
Siku hizi nani anashika mbili?

Ijumaa ile nilikuwa na faili mbili wazi:
kadi ya harusi ya Shomari na Mwanjaa,
na tangazo la arobaini ya marehemu Kibwana Mdoe.
Nikakata huku, nikabandika kule, nikajibu simu,
nikakoroga maharage, nikabandika tena.
Kadi mia na hamsini za kung'aa, ukingo wa dhahabu,
zikatoka zikiwaalika ndugu, jamaa na marafiki,
kwa furaha kubwa,
kwenye hitima ya bwana harusi.

Shomari aliisoma mara mbili, palepale mlangoni.
Hakupiga kelele. Laiti angepiga.
Alijipapasa kifua kama mtu anayetafuta kalamu,
akasema, "Dada, mimi mzima. Bado nadaiwa mahari."
Nikazilipa kadi zote.
Na maharage, siku hiyohiyo, yakaungua.

Ungedhani nimekoma. Jumatatu nilikuwa vilevile,
saba kwa pumzi moja, ila sasa natetemeka.

Jumatano umeme ukakatika.
Fotokopi ikakata roho katikati ya kitambulisho cha mtu,
feni ikazunguka mara tatu za mwisho, kwa hisani tu,
foleni ikaguna, ikapungua, ikaisha.
Akabaki Bi Sikudhani wa Kaole,
mguu mmoja ndani ya kandambili, mwingine sakafuni.
Alitaka barua kwa hakimu, juu ya minazi minne
ambayo shemeji yake kaihesabia upande wake.
"Umeme hakuna," nikamwambia.
"Na huo mkono, nao wa TANESCO?"

Kalamu niliikuta chini ya droo, imekauka.
Nikaipuliza, nikaikwaruza kiganjani hadi ikakubali.
Akasema neno, nikaandika neno.
Akanyamaza, nikanyamaza.
Alipoitaja minazi niliiona: wa kwanza umeinamia kisima,
wa pili ulipigwa radi ukabaki na kichwa kigumu,
wa tatu alipandiwa siku alipozaliwa,
wa nne alinyamaza kidogo kabla ya kuutaja,
na mimi sikumuuliza.
Nilisikia nibu inavyoparuza karatasi.
Nilisikia, kumbe, kiti changu kina mlio.
Z moja ilinitoka kombo, nikaiacha na ukombo wake.
Ukurasa mmoja, dakika arobaini.
Alinipa elfu moja, akaikunja barua mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda.

Kisha umeme ukarudi.
Simu sita za watu zikaamka kwenye waya zao,
kikoba kikamwaga jumbe tisini na ngapi sijui,
fotokopi ikatapika nusu uso iliyokuwa imebakiza.
Dirishani vichwa. "Tatu! Tatu, nakala!"

Nikainua kidole. Kimoja.
"Subirini, namalizia."

Sikuwa na cha kumalizia.
Nilikuwa natafuta kifuniko cha kalamu,
polepole,
kama mtu aliye kazini.