Kidole Kikitoka Safi

Miaka thelathini na minne nimegandisha maziwa
katika kiwanda kidogo cha jibini, mlimani Smolyan.
Najua kuganda. Najua kijiko cha kimeng'enya kwa lita mia,
na kidole kinachochomekwa kikainuliwa taratibu:
kikitoka safi, maziwa yakapasuka kwa mstari mmoja,
tayari.

Kwa hiyo Daktari Kosara alipoandika sindano ya kuongeza damu
nilimsikiliza kama mtu wa kazi.
Kemikali ilikuwa imeunguza uboho,
himoglobini saba, ngazi nne ni mlima.
“Hii itakulinda,” alisema. “Tutaipandisha hadi kumi. Si zaidi.”

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi,
herufi kama mayai ya chawa.
Asen akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine:
“Huenda damu ikaganda. Mguuni. Pafuni.”
Akaikunja. Karatasi ikakataa kurudi ilivyokuwa.

Wiki ya tano, kumi na moja na nusu.
Nilipandisha ndoo ya pilipili hoho hadi ghorofa ya tatu
nikazichoma mwenyewe, nikazimenya mwenyewe,
nikamgombeza Asen, naye akafurahi kugombezwa.

Kisha kiatu cha kushoto kikanikataa.
Shavu la mguu likawa la moto, gumu, si langu.
Siku mbili sikusema. Nilisingizia soksi.

Plovdiv, chumba cha giza, mafuta baridi.
Binti wa kipimo akabonyeza:
mshipa mzima hulala ukibonyezwa.
Huu haukulala.
Hakuniambia kitu. Nikaona uso wake,
nikajua: kidole kimetoka safi.

“Nani mwenye kosa?” Asen alimuuliza daktari.
“Saratani yenyewe hugandisha. Kemikali pia. Na sindano yetu.”
Alisema *yetu*. Nikamheshimu.
Mikono mitatu, kijiko kimoja.

Sasa nachoma nyingine tumboni, asubuhi na jioni,
ya kuzuia kuganda. Tumbo lina rangi ya zabibu.
Usiku nikivuta pumzi hadi chini
Asen huacha kukoroma, asikilize.

Jana Rumyana amepiga simu kutoka kiwandani:
maziwa yamekaa saa nzima, hayajashika,
aongeze kijiko?
Nikamwambia, usiongeze.
Funika. Pima joto.
Afadhali yachelewe.