Galoni la Lita Tano

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga.
Hawakuwa na Probox.
Hawakupanda mlima wa Isongole kwenye ukungu
huku galoni la maziwa limelala ubavu nyuma ya kiti
likitapika taratibu, bila kelele,
kama mgeni anayeona haya kuuliza choo kiko wapi.

Mama mkwe aliyakamua mwenyewe, Tukuyu, alfajiri.
Nilisema, Mama, mjini maziwa yapo.
Akasema, Ya mjini ni maji yaliyopita karibu na ng'ombe.
Nikapokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa,
na kifuniko nikakifunga kwa hasira.
Hasira haijui kukaza.

Siku ya kwanza hatukunusa kitu.
Siku ya tatu Lugano akashusha kioo,
Mbeya, mwezi wa saba, baridi ya kung'ata masikio,
akasema anataka hewa.
Siku ya tano mtoto akauliza
nani amefia humu.

Nikatangaza vita.
Maji ya moto ndoo mbili na sabuni ya unga.
Ndimu kumi na mbili za Mwanjelwa. Siki.
Magadi niliyoyanyunyiza jioni, nikayafagia asubuhi.
Mkaa ndani ya soksi ya Lugano.
Kahawa ya Mbozi, kilo nzima, na gari likanuka
kama mgahawa wenye mbuzi aliyeoza darini.
Pale Mafiati kijana mmoja, Ambakisye, akapuliza marashi,
akaning'iniza kimti cha karatasi kiooni:
"Hapo dada, umeshasahau."
Nikalipa elfu kumi na tano.
Kufika Soweto nilikuwa nimekumbuka.

Jumapili ikaja simu.
"Maziwa mliyafaidi?"
"Sana, Mama. Mtoto alilamba mpaka kikombe."
Na hilo nalo likadondoka,
likapenya zulia, likapita sponji, likatua kwenye bati
mahali ambapo brashi haifiki.

Walimu wenzangu wakaacha kuniomba lifti.
Mmoja alisema anapenda kutembea.
Mwalimu Subilaga, mwenye goti bovu,
anapenda kutembea.

Mwezi wa kumi jua lilipopata nguvu
nikafungua viti, bolti nne huku, nne kule,
nikaling'oa zulia lote.
Chini yake: shilingi mia, pini ya nywele,
kokwa ya parachichi,
na sponji la manjano likikatikakatika
kama mkate uliolala.
Nikalianika zulia juu ya ua
na majirani wote wa Uyole wakajua siri yangu.

Siku hiyo hiyo, bila simu, bila hodi,
yeye.
Akatua kikapu. Akainama penye ua,
akavuta pumzi polepole
kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.
"Haya ni ya Sikitu," akasema.
"Yule mwenye doa begani. Ana mafuta mengi."

Brashi mkononi, povu mpaka kiwiko,
sikujua pa kuanzia.

"Ulitumia maji ya moto?"
Nikaitikia kwa kichwa.
"Ndiyo maana. Moto huyashikisha.
Maziwa yanataka maji baridi, tena siku ile ile,
kabla hujamdanganya mtu."
Akajifunga kitenge kiunoni, akaomba ndoo.

Tulisugua hadi saa tisa.
Hatukuongea mengi. Aliniuliza bei ya viazi,
nikamwambia; akaguna.
Maji yakatoka na weupe, kisha kijivu,
kisha maji.

Siku za mvua, vioo vikifungwa,
bado kuna kitu kidogo upande wa kushoto,
karibu na breki ya mkono.
Lugano anasema hakisikii. Sijakitafutia dawa.

Kikapuni mlikuwa na galoni jingine.
Alilitoa jioni, akafungua, akatandika nailoni mdomoni,
akarudisha kifuniko, akakaza,
kisha akanipa mimi
nikaze tena.