Kipimo cha Kawa

Barua pepe imeingia usiku, Bombo nzima haina umeme,
nikaisoma kwa betri ya asilimia tisa.
Hongera, Mastula Sebit.
Ada tumelipa. Kitanda kipo. Shuka njoo nazo.
Jibu kabla ya Ijumaa, saa sita usiku.
Nimetafuta: saa sita ya Izmir ndiyo saa sita yetu.
Hata jua halinipi kisingizio.

Na chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
masomo ya kwingine hayahesabiwi,
utaanza mwaka wa kwanza.

Mwaka wa kwanza!
Nami nimeila Makerere miaka miwili na nusu,
nimesomea ngazini maktaba ilipojaa,
nimefanya mtihani nina malaria, nikafaulu kwa alama moja.
Kule Kabanyolo nina miche arobaini ya kahawa:
uzi mwekundu kwa ile niliyoiambukiza mnyauko
kwa mkono wangu huu,
uzi mweupe kwa ile niliyoihurumia.
Kila Jumanne nahesabu majani.
Mche wa kumi na saba ulipaswa kufa mwezi wa tatu.
Haujafa.
Sijui kwa nini. Mwalimu wangu naye hajui, ila yeye
hajui kwa utulivu, mimi sijui hadi usingizi unaruka.

Kemirembe, tunayelala chumba kimoja,
aliomba pamoja nami, akakosa.
Ananitafutia bei za tiketi
kwa sauti ya mtu anayejipima nguo ya mwenzake.

Tiketi ni juu yetu.
Baba ana nusu eka ya kahawa Nyimbwa,
dalali amekwisha kuja na futi yake,
amekunywa chai mara mbili, amesifu udongo
kama mtu anayesifu ng'ombe kabla ya kisu.
Baba, enzi za jeshi, alipelekwa mbali bila kuulizwa.
Haelewi mtu anawezaje kuulizwa
akakosa jibu.

Nimempigia binamu Fadhlmula, yuko Ankara mwaka wa nne.
Picha zake zote zina theluji.
Akaniuliza kama mvua imenyesha.
Akaniuliza kama gurusa za mama bado zinauzwa pale pale,
karibu na msikiti.
"Njoo," akasema mwishoni. "Ila usije kwa sababu yangu."

Nisidanganye: naitaka theluji.
Naitaka hadubini isiyogombaniwa na watu kumi na wanne.
Nataka jina langu litamkwe vibaya na wageni,
kisha nirudi na lafudhi kidogo, Bombo icheke.
Wivu wa Kemirembe nao, Mungu anisamehe, nautaka.

Mama hajaniuliza lolote.
Tangu Jumatatu anasuka kawa, ya waridi na kijani.
Kawa huanzia katikati, kitundu kama jicho la kifaranga,
huzunguka, huzunguka, haina haraka na ukingo.
Sanduku alilonunua baba Owino
lina upana wa sentimita arobaini na tano.
Meza yetu inataka sitini.
Hayo mama hakuyasema. Niliyapima mwenyewe,
usiku, kwa utepe wake, kama mwizi.

Leo Alhamisi, magharibi imeshaingia,
kawa imefika arobaini na tano.
Mama kasimamisha sindano hewani.
Anatazama kawa, hanitazami mimi.
"Niifunge?"

Nikausikia mche wa kumi na saba
ukikaa kimya gizani, kilomita kadhaa kutoka hapa,
ukiwa hai bila ruhusa ya kitabu chochote.
Nikaisikia theluji pia. Ilinyesha vizuri.

"Endelea, mama."

Kesho ni Ijumaa. Dalali atakuja tena kunywa chai.
Mlango nitaufungua mimi.