Daftari la Semkiwa

Aliletwa Pongwe kufundisha hesabu;
timu akaikuta haina mwenyewe,
kama mwavuli uliosahauliwa msibani.
Nyavu akasuka kwa kamba za mkonge,
mistari akaichora kwa majivu ya jikoni,
jezi akazifua mwenyewe Jumapili,
namba saba zikiwa mbili.

Miaka ishirini na sita. Kombe moja, la bati.
Lushoto walitufunga sita, ukungu ukishuhudia;
njiani hakusema neno,
alinunua mahindi ya kuchoma,
akahesabu vichwa: tumetimia.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani.
Mimi, kipa wa yale sita,
nikapewa kabati lake nilisafishe.
Daftari. Kurasa za mbele: mabao, kadi,
nani kaumia goti.
Katikati matokeo yanakoma;
unaanza mwandiko mdogo wa penseli:
Mbaruku, Kilindi, darasa la watoto tisini.
Kibwana, Mkinga. Kaoa.
Shemdoe hajaandika. Muulize dada yake.

Nikalitafuta jina langu.
Mbele yake alama ya kuuliza, imefutwa,
na juu ya doa la raba:
Karudi chuoni. Anafundisha hesabu.
Apewe filimbi.